Mwongozo wa Kusahihisha Makala za Wikipedia ya Kiswahili na Kuzitilia Picha kwa Kushirikiana

Maswali ya wahariri wapya wa Wikipedia ya Kiswahili ni yaleyale kila mara: kwa nini picha yangu imefutwa, nani amerudisha kosa nililolisahihisha, na inakuwaje makala ya kata yetu bado inataja idadi ya watu ya mwaka 2002. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe unayetaka kujitolea na hujui uanzie wapi, na hasa kwa vikundi vya watu watatu au wanne, wawe wa shule, chuo au mtaa mmoja, wanaotaka kuzishughulikia makala kadhaa pamoja. Hauhusu uandishi wa makala mpya. Kamusi elezo hii iliyoanza mwaka 2003 imejaa makala ambazo wenyewe tunaziita mbegu, yaani zenye sentensi mbili tatu tu, na kwa maoni yangu anayeinyosha mbegu moja iliyopo na kuitilia picha sahihi huwafaa wasomaji kuliko anayeongeza nyingine kumi.

Mifano mingi hapa chini inatoka katika makala za aina mbili: zile za kata, wilaya na kaunti, ambazo ni nyingi mno na huchakaa upesi, na ile ya Kilwa Kisiwani, mji wa kale wenye magofu katika pwani ya kusini ya Tanzania, kwa sababu ni mahali ambapo picha nzuri na maelezo mabaya hukutana mara nyingi.

Mambo ya kuandaa kabla ya kuanza

Kila mtu awe na akaunti yake. Akaunti ni ya mtu, si ya kikundi wala ya taasisi, na ukishaifungua utaitumia hiyohiyo katika Wikipedia, katika Wikimedia Commons ambako picha huhifadhiwa, na katika Wikidata, ghala la data linalotumiwa na Wikipedia za lugha zote. Weka anwani ya barua pepe, kwa maana bila hiyo ukisahau nywila huna njia ya kurudi. Ikiwa mnapanga kukutana darasani, kila mmoja afungue akaunti nyumbani siku chache kabla, kwa sababu mfumo huruhusu akaunti sita tu kwa siku kutoka anwani moja ya mtandao, na wa saba ataambiwa asubiri hadi kesho.

Simu ya mkononi inatosha kwa kupiga picha na kurekebisha sentensi. Kwa majedwali na vigezo, yaani violezo kama kisanduku cha pembeni, tafuteni angalau kompyuta moja.

Mnahitaji pia vyanzo mlivyovishika mkononi au kuvifungua wenyewe: kitabu, ripoti ya sensa, gazeti lenye tarehe, tangazo la serikali. Makala ya Wikipedia ya Kiingereza si chanzo. Inaweza kukuonyesha chanzo kilipo, lakini utakayemtaja katika tanbihi ni yule aliyeandika kitabu, baada ya wewe mwenyewe kukifungua.

Mwisho, zihifadhini picha zenu kama zilivyotoka kwenye kamera. Picha iliyopitia WhatsApp imeshabanwa na kupoteza tarehe yake, na hivyo ni vigumu kuthibitisha kwamba ni yako.

Hatua za kazi

1. Chagueni makala chache na msome historia zake. Makala zisizozidi tano zinatosha kwa kikundi kinachoanza. Kabla ya kugusa neno lolote, fungua historia ya ukurasa uone nani ameuhariri, lini, na kosa unalotaka kuliondoa liliingia lini. Ukigundua kwamba sentensi mbovu iliwekwa wiki iliyopita na mtu aliyefuta aya nzuri ya zamani, huna haja ya kuandika upya, kwani unaweza kulirudisha toleo la awali kwa kubofya mara chache tu. Na ukiona kwamba mhariri mwingine amekuwa akiifanyia kazi makala hiyo jana na juzi, mwandikie kwanza.

2. Gaweni kazi kwa kufuata alichonacho kila mmoja. Anayeishi karibu na mahali panapoelezwa apige picha, aliye karibu na maktaba atafute vyanzo, na mwenye jicho la lugha apitie sentensi. Mtu mmoja abaki bila kuhariri chochote katika duru ya kwanza, kazi yake iwe kusoma walichofanya wenzake kama msomaji wa kawaida ambaye hajui mlichokusudia. Vikundi vingi hukiona cheo hiki kuwa cha uvivu na kukiacha, kisha makosa ya kundi zima hupita bila kuonwa.

3. Toeni taarifa kwenye ukurasa wa majadiliano. Mistari miwili inatosha: mnakusudia kurekebisha nini na mnategemea vyanzo vipi. Tieni sahihi kwa alama nne za wimbi, ~~~~, ambazo hugeuka kuwa jina lako na saa. Taarifa hiyo itawakinga siku mtu atakaposhangaa kuona mabadiliko mengi kwa mkupuo.

4. Sahihisheni jambo mojamoja, kila moja na tanbihi yake. Anzeni na makosa ya utawala, kwa kuwa ni mengi na uthibitisho wake ni rahisi kupatikana. Wilaya za Mbozi, Momba na Ileje zimo katika Mkoa wa Songwe tangu mkoa huo ulipoanzishwa mwaka 2016, kwa hiyo makala inayozitaja kuwa za Mbeya imepitwa na wakati. Vivyo hivyo kwa mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu iliyoanzishwa mwaka 2012. Kwa upande wa Kenya, makala inayosema kwamba mji fulani uko katika Mkoa wa Pwani au Mkoa wa Nyanza, kana kwamba mikoa hiyo bado inatawala, inangoja kurekebishwa tangu kaunti 47 zilipoanza kazi mwaka 2013.

Idadi ya watu inahitaji uangalifu zaidi. Tanzania ilihesabu watu 44,928,923 mwaka 2012 na 61,741,120 mwaka 2022, na Kenya ilihesabu 47,564,296 mwaka 2019. Unapoiweka idadi mpya ya kata usiifute ya zamani. Taja zote mbili, kila moja na mwaka wake, kwa sababu msomaji anayetaka kujua kata ilivyokua anazihitaji zote. Ukikuta idadi imeshuka badala ya kupanda, usikimbilie kudhani kwamba mwenzako alikosea, bali chunguza kwanza kama kata hiyo iligawanywa baina ya sensa mbili, jambo ambalo limetokea mahali pengi. Na ikiwa iligawanywa, kuliandika hilo ndani ya makala kuna faida kuliko tarakimu yenyewe.

Tanbihi huandikwa mara tu baada ya nukta ya sentensi inayoithibitisha, ndani ya alama za <ref> na </ref>, na mwishoni mwa makala pawe na kichwa cha Tanbihi chenye <references /> chini yake. Jina la mwandishi au ofisi, jina la chapisho, mwaka na ukurasa ndicho kiwango cha chini. Kiungo kitupu cha tovuti hakitoshi, kwani tovuti za serikali hubadilisha anwani mara kwa mara, na asiyejua jina la ripoti hataipata tena.

Kabla ya kuhifadhi, jaza kisanduku cha muhtasari. Andika kitu kama "Mkoa umebadilishwa kutoka Mbeya kuwa Songwe, tazama tanbihi", wala usiandike "masahihisho" peke yake. Mtu atakayekagua mabadiliko ya karibuni hana muda wa kukisia, na hariri isiyo na muhtasari, ikitoka kwa akaunti mpya, ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Katika lugha, sahihisheni kilicho kosa na mwache kilicho tofauti tu. Aliyeandika tarakilishi au rununu hajakosea, na kumbadilishia kuwa kompyuta na simu ya mkononi ni kuanzisha ugomvi wa Nairobi na Dar es Salaam usio na mshindi. Kosa la upatanisho wa ngeli, sentensi isiyo na kitenzi, au aya iliyopitishwa kwenye mashine ya tafsiri na kuachwa hivyohivyo ni mambo mengine. Tafsiri ya mashine isiyopitiwa ni miongoni mwa sababu kubwa za makala kufutwa na wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia, na wana haki. Ondoeni pia "Mheshimiwa", "mpendwa wetu", "shule bora kabisa" na sifa nyingine zinazofaa kwenye hotuba ya mgeni rasmi. Kwa mtu aliye hai, msiongeze habari ya ugonjwa, ndoa au kesi bila chanzo kizito, hata kama mtaa mzima unaijua.

5. Pigeni picha mkiwa mnajua itakwenda wapi. Isomeni makala kwanza, mwandike orodha ya vitu vinavyotajwa bila kuonyeshwa. Kwa Kilwa Kisiwani, orodha hiyo ingekuwa na Msikiti Mkuu kwa nje na safu za nguzo zake kwa ndani, magofu ya jumba la Husuni Kubwa yakiwa juu ya ukingo wa bahari pamoja na birika lake la pembe nane, na Gereza, ambalo ni ngome ya kale, kwa upande unaotazama bahari. Ulizieni utaratibu wa kibali mkiwa Kilwa Masoko, kabla ya kupanda mashua.

Kila kitu kipigwe mara mbili, kizima na kwa karibu. Picha ya tatu iwe ya kibao cha maelezo kilichosimama hapo, lakini hiyo ni kwa ajili yenu tu ili mkumbuke mlikuwa wapi, na msiipakie, kwa sababu maandishi ya kibao yana mwenyewe. Andikeni siku hiyohiyo kila picha inaonyesha nini. Kuna Kilwa tatu, Kisiwani, Masoko na Kivinje, na baada ya wiki mbili nyumba ya kale ya Kivinje iliyojengwa karne nyingi baadaye huweza kuingizwa kwenye makala ya Kisiwani bila mtu kushtuka.

Watu wanaoonekana kwa karibu waombwe ruhusa, na watoto au wagonjwa waachwe kabisa. Kambi za jeshi na vituo vya polisi si vya kupigwa picha, hata kama makala inazihitaji.

6. Pakieni picha Wikimedia Commons. Hapa ndipo wanaoanza hukwama kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo soma taratibu.

Picha ni ya aliyeipiga. Si ya aliyemo ndani yake, si ya aliyeinunua, si ya aliyetumiwa. Picha ya diwani uliyoipata Facebook, ile iliyopatikana kwa kutafuta Google, na ile ya babu iliyopigwa studio mwaka 1975 na sasa iko sebuleni kwenu, zote tatu zina mwenyewe mwingine. Kuipiga upya kwa simu picha iliyo kwenye karatasi au skrini hakukufanyi uwe mwenyewe. Ikiwa mpiga picha yupo na ameridhia, yeye ndiye atakayetuma ridhaa yake kwa barua pepe kwa wahudumu wa Commons wanaoshughulikia ruhusa, akitaja faili na leseni. Kwa picha za zamani sana, kama zile za posta za enzi ya Wajerumani, umri peke yake hautoshi, maana Commons hutaka picha iwe huru katika nchi ilikotoka na pia nchini Marekani. Sanamu na michoro ya wasanii wa leo, hata ikiwa imesimama hadharani, nayo hutegemea sheria ya nchi husika. Soma ukurasa wa nchi hiyo katika Commons kabla ya kupakia.

Kisha leseni. Ya kawaida ni CC BY-SA 4.0, inayomruhusu yeyote kuitumia picha yako mradi akutaje na kazi atakayoizalisha kutokana nayo aitoe kwa masharti hayohayo, ilhali CC0 huachilia kila kitu. Leseni zinazokataza biashara hazikubaliwi. Maana yake ni kwamba mchapishaji anaweza kuiweka picha yako kwenye kalenda akaiuza bila kukulipa shilingi, na ridhaa ukishaitoa hairudi. Kama jambo hilo litakuuma, bakia na picha yako. Si kosa hata kidogo, na ni afadhali uamue sasa kuliko baadaye.

Katika fomu ya kupakia, ambayo hupokea faili hadi 50 kwa mara moja, lipe faili jina linaloeleweka, kwa mfano "Kilwa Kisiwani, Msikiti Mkuu, nguzo za ndani", badala ya namba iliyotolewa na kamera. Maelezo yaandike kwa Kiswahili, kisha ongeza ya Kiingereza ukiweza, kwa kuwa picha hiyo itatumiwa na Wikipedia za lugha nyingine pia. Jamii za Commons, yaani makundi ambamo picha hupangwa, kwa kawaida zina majina ya Kiingereza, na njia rahisi ya kuipata inayofaa ni kufungua picha nyingine ya mahali palepale uone imewekwa wapi. Video za MP4 hazipokelewi, hivyo zigeuzeni kuwa WebM kwanza.

Tahadhari moja husahaulika. Simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, kwa usahihi wa mita chache. Kwa magofu ni faida, lakini kwa picha iliyopigwa uani kwako ni kuitangaza nyumba yako, kwa hiyo uondoe utambulisho huo kabla ya kupakia.

7. Iwekeni picha ndani ya makala. Ukitumia kihariri cha kuona, chagua kuingiza picha, tafuta jina la faili, andika maelezo. Ukihariri chanzo, yaani maandishi ghafi ya ukurasa, andika hivi:

[[Picha:Kilwa Kisiwani, Msikiti Mkuu, nguzo za ndani.jpg|thumb|Safu za nguzo ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani.]]

Neno thumb ni amri kwa mfumo, liache lilivyo. Picha ikae karibu na aya inayoizungumzia, na makala fupi ipewe picha moja au mbili, si kumi. Zilizobaki zitapatikana Commons.

Maelezo chini ya picha ndiyo sehemu inayosomwa kuliko makala yenyewe, kwa hiyo yaseme kinachoonekana na yasizidi chanzo chenu. Mfano ni Gereza la Kilwa. Wengi huandika "Ngome ya Wareno, 1505". Wareno waliushambulia mji mwaka huo na kujenga ngome, lakini jengo linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni la wakati wa Waomani, waliolijenga upya karibu na mwaka 1800. "Gereza la Kilwa Kisiwani, ngome iliyojengwa upya na Waomani mahali pa ngome ya Wareno" ni maelezo marefu kidogo, ila hayamdanganyi mtu. Katika makala hiyohiyo, hakikisheni kwamba inasema Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa pamoja katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kwamba zilikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014. Makala inayosema bado zimo hatarini ilinakiliwa kutoka chanzo cha zamani.

8. Kagueni, kisha mwendelee kuangalia. Yule aliyeachwa bila kuhariri sasa afungue kila tanbihi na kila picha. Kila mmoja aziweke makala hizo kwenye orodha yake ya maangalizi ili apate taarifa zikibadilishwa.

Mambo yanapokwenda mrama

*Picha imefutwa.* Soma ujumbe ulioachwa kwenye ukurasa wako wa majadiliano wa Commons, si wa Wikipedia. Usiipakie tena kwa jina jingine, kwa sababu wahariri wa kule huona na akaunti yako inaweza kufungiwa. Ikiwa kweli uliipiga wewe, omba irudishwe na ueleze kwamba unayo faili asili.

*Jina la faili linaonekana jekundu.* Mara nyingi tofauti ni .jpg na .JPG, au herufi kubwa mahali pa ndogo. Nakili jina kutoka Commons badala ya kuliandika kwa mkono.

*Masahihisho yamerudishwa.* Soma muhtasari wa aliyerudisha, umwandikie kwenye ukurasa wa majadiliano ukitaja chanzo, na usubiri. Kurudishiana huku na huko kunawaharibia sifa wote wawili, hata mwenye haki. Siku kadhaa zikipita bila jibu, peleka hoja kwenye ukurasa wa Jumuiya, ambako wakabidhi na wahariri wa muda mrefu hupita.

*Nusu ya makala imetoweka baada ya kuhifadhi.* Umesahau kufunga </ref>. Fungua chanzo, ifunge, na maandishi yatarudi.

*Kisanduku cha pembeni kina picha mbaya, na kwenye chanzo haionekani.* Baadhi ya visanduku huvuta picha kutoka Wikidata. Fungua kipengele cha makala hiyo huko na ubadilishe sifa ya picha, yenye namba P18. Kumbuka kwamba badiliko hilo litaonekana katika lugha nyingine pia.

*Picha imelala ubavu.* Kuna kiungo cha kuomba izungushwe kwenye ukurasa wake wa Commons, na roboti hufanya kazi hiyo. Ikiwa makala bado inaonyesha ya zamani baada ya hapo, ongeza ?action=purge mwishoni mwa anwani ya ukurasa.

*Unaambiwa umezuiwa ilhali hujafanya kosa.* Hutokea sana kwa wanaotumia mtandao wa simu, kwa kuwa wateja wengi hushiriki anwani moja na mharibifu mmoja huwafungia wote. Zima VPN kama unaitumia, ingia kwa akaunti yako, ujaribu tena. Ikishindikana, nakili ujumbe wote wa kizuizi pamoja na namba yake, na uombe msamaha wa kizuizi cha anwani kwa kufuata maelekezo yaliyomo. Wakati unasubiri, mwenzako aliye kwenye mtandao mwingine anaweza kuendelea na hariri zako, mradi aziingize kwa akaunti yake mwenyewe na kutaja katika muhtasari kwamba chanzo kimetafutwa na wewe.